Nyumba ya kwanza Arusha: Muriet mil 48 bila hati au Moshono mil 85 yenye hati?

NesiWaSakina

Habarini za jioni wadau. Naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumebishana na mume wangu mpaka tumechoka, sasa hivi kila mtu anakula kimya kimya. Tunakaa Sakina tumepanga, watoto wawili, kodi tunalipa miezi sita sita na mwenye nyumba kashatuambia ikifika Januari anapandisha. Akiba tumeweka miaka mingi, nyingine SACCOS ya kazini nyingine benki, jumla inafika mil 38. Mimi ni nesi serikalini, mshahara wa msingi 1,480,000 na bado nakatwa bodi ya mikopo. Mume wangu ni dereva wa watalii, hela yake ya msimu, Juni mpaka Oktoba tunaishi vizuri, ikifika Aprili na Mei wote tunategemea mshahara wangu.

Sasa dalali katuletea nyumba mbili. Ya kwanza Muriet, vyumba vitatu kimoja masta, imeisha kabisa, tailizi, madirisha ya aluminiamu, fensi tu ndo bado. Mil 48. Haina hati, eneo halijapimwa, kuna karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa ya 2014 na mwenyewe yupo, anakaa humo humo. Ya pili iko Moshono, ya zamani kidogo, vyumba vitatu na banda la uani la kupangisha, kiwanja kikubwa kina miparachichi, mil 85 na INA HATI. Hati nimeishika kwa mkono wangu, ina jina la mzee ambaye kashafariki, anayeuza ni mtoto wake mkubwa na ana barua ya familia ndugu wote wamesaini wamekubali kuuza.

Mume wangu anataka Muriet, anasema tunaongezea mil 10 tu tunaingia, hatudaiwi na mtu. Mimi nataka Moshono sababu ya hati, hiyo 47 inayopungua nikope benki kwa mshahara wangu miaka 15. Dalali anasema kuna mteja wa Dar anakuja Jumamosi na keshi, kwa hiyo tutoe advansi mil 5 ya kushikilia. Jamani nani yuko sahihi? Na utaratibu wenyewe ukoje, toka unatoa hela mpaka unakabidhiwa funguo, maana kila ninayemuuliza ana lake.

Kisongo_Chalii

Nyumba imeisha mil 48 na bado unauliza? Toka waanze kujenga uwanja wa AFCON kule Olmoti bei za upande huo zinapanda kila ukiamka. Chukua Muriet, hati utatafuta ukiwa umelala ndani. Mumeo anajua maisha aisee.

MezaYaMikopo

Dada Nesi pole na mjadala. Nilikaa idara ya mikopo benki miaka kadhaa kabla sijaacha nikaenda kulima vitunguu Mang'ola, kwa hiyo ngoja nikupigie hesabu ile ile ambayo afisa mikopo atakupigia, afadhali uione hapa kuliko uione ukiwa umeshatoa advansi.

Mtumishi wa serikali baada ya makato yote lazima abaki na theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwa 1,480,000 yako theluthi ni kama 493,000, kwa hiyo makato yote kwa pamoja yasizidi kama 986,000. Sasa anza kutoa. PSSSF, yaani mfuko wa pensheni, asilimia 5 ni 74,000. PAYE, kodi ya mshahara, inakuja kama 249,800. Bima ya afya asilimia 3 ni 44,400. Bodi ya mikopo asilimia 15, hapo 222,000 imeondoka. Chama cha wafanyakazi kama umo asilimia 2, 29,600. Jumla 619,800. Nafasi iliyobaki ya kukatwa mkopo ni kama 366,000 kwa mwezi, na hapo sijauliza SACCOS unakatwa ngapi kwenye mshahara, maana nayo inakula humo humo.

Mkopo wa mil 47 kwa riba ya asilimia 16 miaka 15 rejesho lake ni kama 690,000 kwa mwezi. Hauingii, hata ukimpigia magoti meneja. Kwa 366,000, riba hiyo na miaka hiyo, unapata kama mil 25 basi. Nimeweka 16 kwa sababu mikopo ya nyumba huku kwetu riba inacheza kwenye 13 mpaka 19, inategemea benki na siku yenyewe uliyoenda.

Na hata kama ungeingia, angalia hii. Hiyo mil 47 kwa miaka 15 mwisho wa siku umelipa karibu mil 124. Ukiibana ikawa miaka 10 rejesho linapanda laki moja hivi tu, linakuwa kama 787,000, ila jumla unalipa kama mil 94 na nusu. Yaani laki moja ya mwezi inakuokolea karibu mil 30. Watu wanakimbilia miaka mingi sababu rejesho linaonekana dogo, hakuna anayekuonyesha jumla.

Mume wako anaweza kuingia kama mkopaji mwenza, inaruhusiwa. Shida ya madereva wa utalii ni kwamba benki inaangalia kilichopita kwenye akaunti, mara nyingi miezi 6 mpaka 12 nyuma, zile tipu za dola anazokuja nazo kwenye soksi kwao hazipo. Kama kampuni inamlipa mkononi aanze leo kuziweka benki na aombe barua ya ajira au mkataba wa msimu. Mwakani huo ushahidi utakuwa na uzito.

Halafu jambo kubwa kuliko yote. Benki haikopeshi kwa sababu nyumba ni nzuri, inakopesha kwa sababu inaweza kuiuza ukishindwa kulipa. Muriet haina hati, basi mkopo wa nyumba hapo hakuna. Moshono ina hati lakini mwenye jina kafariki, faili lako halitafunguliwa mpaka jina libadilike. Kwa hiyo kwa upande wa benki zote mbili kwa sasa ziko sawa, sifuri sifuri.

NesiWaSakina

Mungu wangu. SACCOS nakatwa 120,000 kila mwezi, ina maana hata hiyo mil 25 hakuna 😩

MezaYaMikopo

Hakuna, utabaki na nafasi kama ya mil 16 au 17. Lakini akiba ya SACCOS unaweza kuomba ipunguzwe ukishaamua kukopa, hilo sio gumu. Kitu kingine, usipige hesabu kwamba mil 38 yote inaingia kwenye nyumba. Mthamini utamlipa wewe, wakili wewe, ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei wewe, ada ya usajili wewe, benki nayo ina ada yake ya kushughulikia mkopo na bima mbili, ya moto na ya maisha ya mkopaji. Tenga mil 4 mpaka 5 pembeni usiziguse. Na mthamini anatoa bei mbili, ya soko na ya kuuza haraka haraka, kuna benki zinakopesha kwa kuangalia ile ya pili ambayo siku zote iko chini, ndo pale mtu anashangaa nyumba ya 85 benki inaiona ya 60.

WakiliMdogo_Moshi

Nimesoma uzi mpaka hapa nimekuja kwa sababu ya hiyo barua ya familia tu. Dada yangu, barua ya familia haiuzi nyumba. Mwenye hati akifariki anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Sio mtoto mkubwa, sio mjane, sio kikao cha ukoo hata kama wamesaini watu hamsini na mwenyekiti kagonga muhuri. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, mahakama inateua, kuna tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, halafu yule msimamizi anaenda kwa Msajili wa Hati anaandikishwa kwenye ile hati kama msimamizi, jina la marehemu linatoka lake linaingia. Hapo sasa ndo anaweza kukusainia wewe uhamisho. Ukiona mtu anakuuzia na jina la marehemu bado liko juu ya hati jua hatua nzima imerukwa.

Na hata akishakuwa msimamizi usifurahi haraka, omba kuona warithi ni kina nani na wanajua kinachoendelea. Msimamizi anauza kwa niaba ya warithi, hela sio yake.

Kuhusu utaratibu nakuandikia kama ninavyowaambia wateja hapa ofisini. Kwanza sechi, unaenda ofisi ya ardhi ya mkoa, siku hizi kila mkoa una msajili wake, unalipa kwa kontroo namba unapewa majibu yanayoonyesha mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la mtu yeyote. Hapo hapo uliza halmashauri kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa, maana deni la miaka kumi lipo kwenye kiwanja linamsubiri mnunuzi. Ukiridhika mnaandika mkataba wa mauziano mbele ya wakili, wako sio wa muuzaji, na mwenzi wa muuzaji anasaini ridhaa. Hili la mwenzi sio heshima tu, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza nyumba ya familia bila mke au mume kukubali, na kesi za namna hiyo Baraza la Ardhi zimejaa. Hata kwa huyo wa Muriet, mke wake yuko wapi? Umemuona?

Baada ya mkataba zinajazwa fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, uthamini unafanywa na kuidhinishwa, muuzaji anaenda TRA kulipa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida yake kwa mkazi. Akiwa ameimiliki mfululizo miaka mitatu au zaidi, ameishi humo mwenyewe jumla ya miaka mitatu au zaidi, na faida haizidi mil 15, anasamehewa. Ndipo kinatoka kibali cha uhamisho, wewe unalipa stempu na usajili, hati inarudi na jina lako.

Hapa katikati kuna mchezo. Muuzaji atakuambia "tuandike mil 40 kwenye mkataba ili kodi ipungue, nyingine nipe mkononi." Usithubutu. Siku mkataba ukivunjika mahakamani unachodai ni kile kilichoandikwa, hiyo 45 ya mkononi umeipeleka sadaka. Na siku ukija kuuza wewe, faida yako itahesabiwa kuanzia mil 40, kwa hiyo kodi aliyoikwepa yeye utailipa wewe.

Hela usitoe yote siku moja na usimpe dalali hata shilingi ya nyumba. Benki kwa benki, akaunti iwe ya mtu yule yule mwenye jina kwenye hati. Ukitoa ya kwanza weka zuio kwa msajili ili asije akauza kwa mwingine usiku, na kabla ya kumalizia fanya sechi tena. Watu wanafanya sechi mwezi wa pili wanamalizia hela mwezi wa tisa, hapo katikati mwenye nyumba kashaenda kuchukulia mkopo.

Mangi_wa_Rau

Huyo wakili anaongea taratibu kwa sababu ni msomi, ngoja mimi niongee kichaga. Binamu yangu alinunua nyumba Moshi Majengo kwa mtoto mkubwa, barua ya familia ilikuwa na sahihi mpaka zimejaa nyuma ya karatasi. Kaingia, kapiga rangi, kachimba karo jipya, mwaka wa pili kaja kitinda mimba kutoka Mwanza, alikuwa hajasaini na kwa mila zetu nyumba ya baba inabaki kwa wa mwisho. Bado wamo kwenye hilo, anakuja mama mdogo kutoka Tarakea, mke mdogo wa marehemu ambaye watoto wa mke mkubwa walikuwa wanajifanya hawamjui, na yeye ana cheti cha ndoa. Sasa hivi binamu anaishi kwenye nyumba ambayo hawezi hata kuongeza chumba, anasubiri baraza.

Ndugu waliosaini hawana shida kabisa, ogopa ambaye hayupo kwenye ile karatasi. Nenda Moshono bila dalali, kaa kwa mama anayeuza ndizi karibu na hapo, nunua ndizi za elfu mbili, muulize marehemu alikuwa na wake wangapi. Atakuambia yote mpaka ya 1987.

Na mtu asikudanganye ununue kihamba, yaani shamba la ukoo, huku kwetu kwa sababu ni bei poa, hiyo ni kesi unanunua.

FundiLevo

Mimi nimsaidie mumewe kuhusu Muriet maana naona anaonewa. Nyumba isiyo na hati sio lazima iwe mbaya, nusu ya Arusha imejengwa hivyo hivyo. Ila nyumba MPYA inayouzwa imeisha kabisa na mwenyewe anakaa humo, mimi kama fundi najiuliza anakimbia nini.

Nenda mvua ikinyesha, usiende kiangazi. Kama chini kuna ule udongo mweusi wa mfinyanzi unavimba ukinywa maji na unapasuka ukikauka, na nyumba inapanda na kushuka nao. Angalia kona za madirisha, ufa unaotoka kwenye kona kwenda juu kwa mshazari huo ni wa msingi, sio wa plasta. Ufa mdogo mdogo wa nywele uliotapakaa ukutani usikusumbue. Kama kuna chumba kimoja kimepakwa rangi juzi na vingine havijapakwa, gonga ule ukuta. Fungua kila mlango mpaka mwisho, mlango unaokwaruza chini wakati fremu ni ya mbao nzuri ujue jamvi, zege la chini ya sakafu, limecheza. Panda darini na tochi uone kama lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, imezunguka nyumba nzima, kuna wanaoweka juu ya madirisha tu. Muulize alichimba msingi kina gani na kama kuna picha za wakati wa kujenga, siku hizi kila mtu ana picha kwenye simu, asiye nazo kwa nyumba ya juzi hivi nashangaa.

Maji nayo. Kama ni bomba la mamlaka angalia mita ina jina la nani na bili iliyopita. Kama ni kisima kapime floraidi kabla ya kulipa, huku chini ya Meru sio mchezo, meno ya watoto wa Maji ya Chai na Usa River umeyaona. Kiwango kinachotakiwa kisizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi.

Korongo likiwa karibu pima, sheria ya mazingira inataka mita 60 kutoka kwenye mto, mafuriko yakija au bomoabomoa ikija hawatakuuliza ulinunua kwa nani. Barabara kuu nayo ina mita 30 kila upande kutoka katikati.

Halafu kajaribio kadogo. Mwambie mwenye nyumba unanunua umeme wa elfu tano kwenye LUKU yake mbele yake, soma risiti. Kodi ya jengo ya nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi na inakatwa humo humo. Ukiona elfu tano yako imeliwa karibu yote, ina maana huwa hanunui umeme kwa mita hiyo au kuna deni limeganda, na deni linakaa na mita, halihami na mtu.

DalaliWaKweli

Naona leo madalali tunapigwa mawe tu. Mteja wa Dar wakati mwingine yupo kweli jamani. Ila dada hata akiwepo, mteja mwenye keshi naye lazima afanye sechi, na nyumba ya mirathi hanunui kwa wiki moja labda awe anatakatisha fedha. Advansi ya kushikilia usitoe bila karatasi inayosema inarudishwa lini na kwa sababu gani. Na dalali anayetaka advansi iingie kwenye namba yake ya simu, huyo hata sisi wenzake hatumjui.

NesiWaSakina

Asanteni sana jamani, nimemsomea mume wangu yote jana usiku, kwenye soksi kacheka mwenyewe.

Marejesho: tumeenda Muriet kulipokuwa na mvua juzi. Ufa upo, kona ya dirisha la jikoni, unaenda juu kama alivyosema FundiLevo, na chumba cha nyuma kimepakwa rangi juzi. Mke wa mwenye nyumba hayupo, anasema yuko kwao Singida, tukamwomba namba yake akasema hana simu. Mwenyekiti wa mtaa naye katuambia tukinunua asilimia 10 ni ya ofisi yake, yaani mil 4.8, ndo anagonga muhuri. Hii ni sheria?

Moshono nimempigia yule mtoto mkubwa moja kwa moja, nikamuuliza kuhusu msimamizi wa mirathi. Akasema mahakamani ni mlolongo mrefu, wateja wengine hawaulizi hayo. Nikamuuliza mama yao yuko wapi. Akakata simu, baadaye akatuma meseji kwamba bei imeshuka 78.

WakiliMdogo_Moshi

Asilimia 10 ya mwenyekiti haina sheria. Mwenyekiti wa mtaa mjini hana mamlaka ya kuidhinisha uuzaji wa ardhi, anaweza kuwa shahidi kwamba anamfahamu muuzaji na jirani zake, hiyo tu. Akitaka ada ya ofisi akupe stakabadhi ya halmashauri, utaona anavyobadilisha mada. Msichanganye na kijijini. Kule Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji ikae na ikubali, kwa hiyo ukinunua nje ya jiji kwenye ardhi ya kijiji omba muhtasari wa kikao wenye mahudhurio, muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi na mauziano yanaweza kufutwa.

Mwanamke asiye na simu mwaka huu, mke wa mtu anayeuza nyumba ya mil 48. Sina la kuongeza.

Moshono usiifute kabisa. Bei iliyoshuka mil 7 kwa swali moja inakuambia wana shida ya hela na hawajui njia. Mwambie hivi: mimi nipo, bei tuongee, nyinyi mfungue mirathi mahakamani, msimamizi akishaandikwa kwenye hati nipigieni. Usitoe hata mia ya "kuwasaidia nauli ya mahakamani", hapo ndo wengi wanapoingia taratibu, leo laki mbili kesho laki tano, mwisho umetoa mil 6 kwa mtu asiye na uwezo wa kukuuzia.

Kisongo_Chalii

Sawa Muriet nimesalimu amri. Lakini sasa akae anapanga mpaka lini? Anunue kiwanja kilichopimwa ajenge mdogo mdogo, mil 38 inaanza vizuri tu.

FundiLevo

Mil 38 ukinunua kiwanja chenye hati sehemu ya maana inabaki ya msingi na kuta, halafu unapanga Sakina huku unajenga kule, kodi na saruji vinakufuata pamoja. Inawezekana, wengi tumejenga hivyo, ila usimpe dereva wa utalii kazi ya kusimamia site mwezi wa saba wakati yuko Serengeti, mafundi watakula nondo.

MezaYaMikopo

Mimi ningewaambia watafute nyumba yenye hati safi, jina la mtu aliye hai, isiyozidi mil 55. Wana 38, watenge 5 ya gharama, 33 wanaweka wao, 22 wanakopa, hapo SACCOS ipunguzwe kwanza na theluthi inakubali. Ukope miaka 10 kama nafasi inaruhusu, na uulize benki kwenye barua ya mkopo kama ukilipa kabla ya muda kuna faini, maana msimu mzuri wa utalii mnaweza kupunguza deni kwa mkupuo. Ila muandae muuzaji mapema, benki haimpi hela siku ya kusaini. Inatoa barua kwamba itamlipa, uhamisho unafanyika, rehani inasajiliwa, ndo hela inaingia kwake, na muda huo wote anakaa na wasiwasi. Wauzaji wengi hapo katikati wanaghairi wakipata wa keshi, ndo maana zuio la wakili hapo juu lina maana. Funguo ziandikwe kwenye mkataba, zinatoka siku gani na umeme na maji vimesomwa ngapi siku hiyo.

NesiWaSakina

Tumekubaliana hivi na mume wangu. Muriet basi. Moshono nimemtumia meseji kama alivyoandika wakili, neno kwa neno, kaona tiki mbili za bluu hajajibu. Jumatatu naenda kwa afisa utumishi kuuliza kuhusu makato ya SACCOS, na mume wangu kafungua akaunti ya kuwekea malipo ya safari, tipu pia (kanuna kidogo). Dalali nimemwambia atutafutie ya mpaka 55 yenye hati, akasema kuna moja Olasiti, mwenyewe yupo na mkewe yupo.

WakiliMdogo, sechi naweza kwenda kufanya mwenyewe au lazima wakili?

WakiliMdogo_Moshi

Unaweza mwenyewe. Nenda na nakala ya hati, uhakikishe namba ya hati, kitalu na kiwanja zinasomeka. Akikataa kukupa nakala, usipoteze nauli ya kwenda Olasiti.